Jopo la Kuonja Gongo ya Serikali

Katika nchi yetu hakuna gongo. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asihangaike kuitafuta baadaye. Gongo ilipigwa marufuku kwa sheria, sheria ikasomwa redioni, na tangu siku hiyo haipo. Ukipita mtaani kwetu jioni ukamkuta mzee wa heshima amelala kando ya mtaro, kofia yake ameiweka vizuri juu ya kifua, ujue ni joto.

Jina la nchi sitalitaja. Si woga. Kulitaja katika maandishi ya burudani kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa vibali imefungwa tangu mwenye ufunguo alipoteuliwa kuwa balozi akaondoka nao.

Mambo yalianza pale Mlezi wa Taifa, ndivyo tunavyomwita mkuu wa nchi yetu na ndivyo alivyotuagiza tumwite, aliporudi kutoka ng'ambo akiwa na huzuni. Huko alikoalikwa, wenyeji walimwingiza katika ghala lenye giza, wakamkalisha kwenye kiti cha ngozi, wakampa wiski ya mahindi chini kabisa ya bilauri, kiasi ambacho kwetu hupakwa kwenye jeraha. Kisha wakaizungumzia kwa saa nzima. Walisema imepikwa kidogo kidogo, mapipa machache tu, halafu ikalazwa miaka mingi ndani ya mti wa mwaloni. Walisema wanasikia vanila, asali iliyoungua, ganda la chungwa na tandiko la farasi. Mlezi alionja, akasikia gongo. Alishukuru, maana alikuwa mgeni.

Alipotua nyumbani, kabla hajavishwa shada, aliwageukia mawaziri waliokuja kumpokea.

"Mahindi ni yetu," alisema. "Moshi ni wetu. Kwa nini maneno yawe yao?"

Mawaziri walilia pale pale uwanjani. Waziri wa Heshima ya Taifa, Mheshimiwa Ngwalida, alilia kuwashinda wenzake, na kwa hiyo akapewa kazi.

*

Kazi yenyewe ilikuwa kuipatia nchi kinywaji chake, kilichopikwa kwa mahindi na kumaliziwa kwenye mwaloni, kiwe tayari kwa Sikukuu ya Uhuru, ili mabalozi waje wakionje na kukisifu.

Mwaloni haumei kwetu. Baada ya utafiti ulioigharimu nchi safari kadhaa za nje, iligunduliwa kwamba upo mmoja nyuma ya Gereza Kuu, uliopandwa na gavana wa kikoloni aliyekuwa akikumbuka kwao. Baadaye mti huo ulipewa kazi nyingine, ya alfajiri, ambayo haikuandikwa kwenye lebo ya chupa. Ukakatwa kwa sherehe. Wafungwa wa karakana ya useremala, waliozoea kutengeneza madawati na majeneza, wakachonga pipa moja. Lilikuwa na pembe nne na kifuniko cha bawaba, lakini lilikuwa pipa kwa mujibu wa hati ya makabidhiano.

Mbunge mmoja aliuliza kwa nini taifa zima lina pipa moja. Waziri Ngwalida alijibu kwamba wataalamu wa dunia wanakubaliana kuwa uchache ndio ubora, kwamba nchi tajiri zinajisifu kwa mapipa kumi au ishirini, na kwamba sisi kwa kuwa na moja tumewaacha wote nyuma. Bunge lilisimama na kupiga makofi. Mbunge aliyeuliza alisimama pia, akachelewa kidogo kukaa, na hilo likaangaliwa.

Lilikuja suala la umri. Ng'ambo walisema kinywaji kilale miaka minne, na sikukuu ilikuwa baada ya mavuno. Waziri akatoa Tangazo la Serikali, na kwa tangazo hilo pipa likapandishwa umri. Hakuna aliyeshangaa. Waziri mwenyewe, wakati wa kustaafu ulipokaribia, aliwahi kushushwa umri kwa tangazo la aina hiyo hiyo, na hadi leo ni mdogo wa mdogo wake.

Likabaki tatizo dogo la kitu cha kutia ndani ya pipa. Mtambo wa kupikia ulikuwapo. Ulinunuliwa nje, ukazinduliwa mara tatu, na ulikuwa umelala salama chini ya turubai ukisubiri kifaa kimoja ambacho ndicho kinachoufanya ufanye kazi.

*

Nyuma ya nyumba yangu aliishi Bi Nyanzala, mjane wa marehemu Lufungulo. Lufungulo nilikaa naye dawati moja kwenye masomo ya jioni, sote tukiwa na mvi, na kwa ajili hiyo mkewe namwita shemeji na yeye vivyo hivyo. Bi Nyanzala alikuwa akipika ile isiyokuwapo.

Nieleze kidogo juu ya upishi wake, kwa sababu ndio ulioleta yote yaliyofuata. Ile ya kwanza kutoka kwenye bomba aliimwaga chini, kila mara, hata kama wateja wamejaa uani wanamlilia. Alisema hiyo ni ya watu wasiohitaji macho. Mitungi yake aliisugua kwa majivu na ndimu. Na kama ilivyo desturi kwetu, hakumpa mtu kinywaji kabla hajakitolea sumu: mpishi anajimiminia, anakunywa mbele ya wanywaji, anasema, "Ni yangu, kunyweni," na hapo ndipo wengine wanapogusa. Desturi hii haimo katika kitabu chochote cha sheria, lakini sijamwona mtu wa nchi yetu, awe jenerali au shekhe aliyeasi, akiweka mdomo kwenye pombe ambayo mpishi wake hajaitangulia.

Basi polisi wakaja kwa gari. Walikuwa wateja wake, na walimwomba radhi mmoja mmoja. Waliondoka naye pamoja na madumu yake yote ya njano. Akafunguliwa shitaka la kupika gongo mbele ya Hakimu Chalula, na madumu yakaandikishwa kuwa vielelezo. Baada ya wiki chache Wizara ya Heshima iliviazima vielelezo kwa matumizi ya kitaifa, ikaahidi kuvirudisha vikiwa katika hali nzuri.

Kila kesi ilipotajwa, mwendesha mashitaka alisimama na kueleza kwamba vielelezo bado vinakomaa. Hakimu Chalula, ambaye anaipenda sheria kwa sababu anaifahamu yeye peke yake, akachoka. Alisema bila kielelezo na bila mtu kukiri, hakuna kesi. Kama Ijumaa, yaani siku inayofuata Sikukuu ya Uhuru, hakuna kitu mezani, atamwachia mama huyu aende zake.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Alikuwa amekonda lakini mcheshi.

"Ijumaa niwekee maji ya kuoga, shemeji," aliniambia. "Ya moto. Huku tunaogea matusi ya askari tu."

*

Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mtumishi wa taifa. Sheria ya Jopo la Kuonja ilitaka kiti kimoja kiwe cha raia wa kawaida mwenye cheti. Cheti ninacho, kimewekewa kioo, kipo ukutani.

Mwenyekiti wetu alikuwa Profesa Sendoro, bingwa wa kuonja, aliyeandika kitabu kinene juu ya jambo hilo katika nchi ambayo, kama nilivyosema, haina cha kuonja. Alikuwapo mke wa Waziri. Alikuwapo Brigedia mstaafu mmoja aliyepoteza uwezo wa kunusa akiwa kazini, akapewa nafasi kwenye jopo kama fidia. Tulifundishwa kwa maji, kwa kuwa kinywaji kilikuwa bado kinafikisha miaka yake. Tulizungusha maji katika bilauri, tukayanusa kwa pua ya kushoto kisha ya kulia, tukayaweka chini ya ulimi, na kutafuta maneno.

Profesa alitusahihisha kwa upole. Usiseme ni kali, sema ina mamlaka. Usiseme inaunguza, sema inakumbatia. Kama inanuka mbao, sema mbao imejitambulisha. Brigedia aliuliza kama mtu akisikia kichefuchefu aseme nini. Profesa alifikiri, akasema: "Sema ina historia." Tukaandika wote.

Siku ya kufungua pipa tulipewa kijiko kila mmoja. Nilipokiweka mdomoni nilimjua mpishi wake kabla sijameza. Mbao ilikuwapo, kweli, na misumari pia ilikuwapo, lakini chini yake kulikuwa na mkono ninaoufahamu kuliko mwandiko wangu. Ukutani yalipangwa madumu ya njano, matupu, yenye muhuri wa mahakama, na mke wa Waziri alikuwa amepanda maua katika baadhi yake. Nikasema kinywaji kina mamlaka. Profesa akanipongeza, na maoni yetu tukayakuta yamekwisha kuchapwa.

*

Sikukuu ilifanyika katika Ukumbi wa Mlezi. Mabalozi walikaa mbele, mawaziri nyuma yao, jopo pembeni tukiwa tumevaa mashada, na Hakimu Chalula alikuwa miongoni mwa wageni waalikwa, kiti cha ukingoni. Kila mtu alipewa bilauri. Waziri Ngwalida akahutubia mpaka barafu ikayeyuka kwenye ndoo. Alimalizia hivi:

"Waheshimiwa mabalozi, wiski za kwenu zimepikwa na watu. Watu hukosea. Watu huzeeka. Kinywaji hiki hakikupikwa na mtu. Kimepikwa na sera."

Wimbo wa taifa ukapigwa. Mlezi akanyanyua bilauri yake, na ukumbi mzima ukanyanyua. Kisha Mlezi akasita, na ukumbi ukasita. Mlezi wetu alizaliwa kijijini kama sisi wote. Alikuwa anangoja.

"Basi," alimwambia Waziri, "hiyo sera yako itutolee sumu."

Waziri alicheka peke yake kwa muda. Kisha akaeleza kwamba yeye alisimamia tu, na kwamba aliyetekeleza ni Katibu Mkuu. Katibu Mkuu akasema alitekeleza kwa ushauri wa kitaalamu. Profesa Sendoro, aliyekuwa ametoa ushauri, akasema yeye ni mtu wa nadharia. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa akipita nyuma ya viti akiwanong'oneza kwamba yeyote atakayekunywa kama mpishi mbele ya mashahidi atakuwa amekiri kosa la kupika gongo, na kwamba sheria ile waliipitisha wenyewe. Balozi mmoja, asiyejua desturi zetu, alikuwa amekwisha maliza yake. Tulimtazama kwa makini sana. Aliendelea kusimama, lakini watu wakasema wageni wana matumbo yao.

Mikono ilianza kuchoka. Mlezi akasema, bila kupandisha sauti, kwamba anamtaka mpishi. Mkuu wa Polisi akajitokeza na kumweleza mpishi alipo.

Wakamleta. Itifaki haikuruhusu sare ya mahabusu ukumbini, kwa hiyo alivishwa gauni la mke wa Waziri, la kijani, lililomzidi urefu, na pingu zikafunikwa kwa shada la maua. Walimpitisha mbele ya jopo. Nikamwambia kwa sauti ya chini asinywe kitu, kesho ni Ijumaa.

"Nimeelezwa, shemeji," alijibu. "Mwanasheria anasema hii ni itifaki tu, haihesabiwi. Hata Hakimu mwenyewe yule, ameitikia."

Nikageuka. Hakimu Chalula alikuwa anaitikia kwa kichwa, polepole, kidevu kikigusa tai. Alikuwa akiitikia hivyo tangu katikati ya hotuba ya Waziri, na macho yake yalikuwa yamefumba. Nilitaka kumweleza, lakini walikuwa wamekwisha msogeza.

Bi Nyanzala alinusa. Alikunja uso kidogo, nadhani kwa ajili ya misumari. Akanywa, akasubiri kama desturi inavyotaka, akawatazama watu mia tatu waliosimama na mikono juu.

"Ni yangu," alisema. "Kunyweni."

Nao wakanywa kama watu waliotoka jangwani. Mlezi akasema anasikia vanila. Waziri akasema anasikia vanila mbili. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba taifa limepata maneno yake.

*

Ijumaa niliweka maji jikoni. Hakimu Chalula alisema mahakama imesikitika sana. Ilikuwa tayari kumwachia mshitakiwa, lakini mshitakiwa amekiri mbele ya ukumbi mzima, na hakimu mwenyewe alikuwapo na ameamshwa ili asikie. Alimhukumu mwaka mmoja pamoja na kazi. Kazi ikachaguliwa kulingana na ujuzi wake: kupika kinywaji cha taifa ndani ya Gereza Kuu, kwa ajili ya sikukuu ijayo.

Sisi wa nje tulidhani mwaka ni mwaka. Mimi hasa, niliyefundishwa hesabu nikiwa mtu mzima na kwa hiyo naiamini, nilidhani hivyo. Sikukuu iliyofuata ilikuja kabla kidogo ya kifungo kwisha. Bi Nyanzala akavishwa gauni lile lile, akaletwa ukumbini, akanywa, akasema maneno yanayosemwa. Kesho yake, badala ya kufunguliwa mlango, alifikishwa tena mbele ya Hakimu Chalula. Pipa jipya ni kosa jipya, hakimu alieleza. Akaongeza kwamba katika miaka yake yote hajaona ujasiri kama huu: mtu kurudia kosa akiwa gerezani, chini ya ulinzi, kwa mahindi ya serikali. Akampa mwaka mwingine, pamoja na kazi.

Lakini sijasimulia jinsi sikukuu ile ya pili ilivyokuwa, na ni muhimu.

Miezi kadhaa kabla yake, nilipomtembelea, Bi Nyanzala alikuwa amekwisha kuona mtego ulivyo. Alisema wasingekuwa na haja naye kama kinywaji kingekuwa kibaya. Kwa hiyo atakipika vibaya. Kumwaga ile ya kwanza atamwaga, maana yeye si muuaji, lakini mengine yote atayaacha yaende yatakavyo. Alitumia mahindi yaliyoota ukungu. Aliunguza sukari guru mpaka askari wakahama jengo. Mitungi hakuisugua.

Nilipoionja ile gongo siku ya sikukuu, nilisikia godoro lililonyeshewa na kuanikwa katika chumba cha mgonjwa. Nilimtazama Brigedia, naye akanitazama kwa wivu wa mtu asiyesikia kitu. Nikasubiri ukumbi uteme.

Hawakutema. Mlezi alifumba macho akasema mwaka huu imekomaa. Waziri Ngwalida akasema anasikia jinsi ilivyokomaa. Profesa akasoma maoni ya jopo, yaliyochapwa wiki mbili kabla, yakisema ina historia ndefu. Balozi yule wa mwaka wa kwanza akatangaza kwamba nchi yake imekitunukia kinywaji medali ya shaba. Makofi yalipigwa mpaka mapazia yakatikisika.

Nilidhani shemeji atacheka. Nilimtafuta kwa macho nikamkuta ameinama, anatazama sakafu kama mtu aliyeangusha sindano.

*

Mimi ni mtu wa kusoma. Nasoma hata maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Mwaka uliofuata, nikiwa sina la kufanya, nilisoma Kanuni za Jopo la Kuonja, zilizonakiliwa kutoka ng'ambo bila mtu kuzipitia, na humo nikakuta kifungu kilichosema hivi: mwanajopo mmoja akitamka mbele ya hadhara kuwa kinywaji ni kibaya, na mpishi akakubali, pipa litapasuliwa na upishi utakoma. Nilimwendea Hakimu Chalula nyumbani nikamuuliza, kwa njia ya mfano tu, upishi ukikoma itakuwaje kwa mtu aliyefungwa ili apike. Alifurahi kuulizwa. Alisema mtu huyo hawezi kufungwa kwa kazi isiyokuwapo, wala kukiri pipa lililokataliwa. Ataachiwa. Sheria iko wazi, alisema, tatizo watu hawasomi.

Na bahati nyingine ikatokea. Mabalozi walikuwa wameanza kuuliza kama raia wetu wana uhuru wa maoni. Ikaamriwa kwamba sikukuu ya tatu, raia wa kwenye jopo atoe maoni yake yeye mwenyewe kwenye kipaza sauti. Maoni yangu nilitumiwa mapema ili niyazoee.

Nilikwenda gerezani nikamweleza Bi Nyanzala yote. Mimi nitasema mbaya. Atakapoulizwa, yeye aseme ndiyo. Neno moja. Alinisikiliza akiwa ameshika nyavu za dirisha, akauliza mimi nitafanywa nini. Nilimwambia nimekwisha funga mfuko wenye blanketi na mswaki, na kwamba kwa umri wangu hawawezi kunipa miaka mingi hata wakitaka. Akacheka, akasema basi atahitaji yale maji, na safari hii niyachemshe kweli. Sikumuuliza amepika nini mwaka huo. Nilidhani najua.

*

Sikukuu ikafika. Gauni la kijani lilikuwa limepunguzwa, au yeye alikuwa amelizoea. Alikunywa, akasema maneno, ukumbi ukanywa. Kisha Profesa akatangaza kwamba sasa utasikika uhuru, na kipaza sauti kikaletwa mbele yangu.

Nikanywa ili nipate cha kusemea.

Sijui niielezeje, na maneno nimefundishwa. Ilishuka bila kukwaruza. Ilikuwa na mahindi mabichi ndani yake, na moshi wa kuni kavu, na ile mbao ya gereza, ambayo miaka miwili ilikuwa ikipiga kelele, safari hii ilikuwa imekaa kimya mahali pake kama mtu aliyeonyeshwa kiti. Katika maisha yangu yote ya joto la jioni sijapata kuonja kitu kizuri kama kile. Nikamtazama Bi Nyanzala. Alikuwa ananitazama mimi, si Mlezi, na alikuwa anataka kujua.

Baada ya medali ile ya godoro hakuweza kuvumilia. Hakuniambia. Alikwenda akasugua mitungi.

Nilisogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Ni mbaya," nilisema.

Waziri Ngwalida alisimama akaketi. Profesa alianza kueleza kwamba katika lugha ya kuonja neno hilo ni sifa, lakini balozi mmoja alikuwa na nakala ya kanuni za kwao, ambazo ndizo zetu, akauliza kama mpishi hapaswi kuulizwa. Mlezi akaona mabalozi wanamtazama. Akamgeukia Bi Nyanzala, na lazima niseme alimgeukia kwa adabu, kama mtoto wa kijijini anavyomgeukia mwenye chungu.

"Mama, mwanajopo anasema pombe yako mbaya. Unakubali?"

Nilimwona akivuta pumzi. Niliona midomo yake ikianza lile neno. Hakimu Chalula, safari hii akiwa macho, alikwisha nyoosha shingo ili asikie vizuri. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na nje jua lilikuwa linawaka barabarani, na watu walikuwa wanapita na mizigo yao. Aliutazama mlango. Kisha akaitazama bilauri mkononi mwangu, ambayo ilikuwa na nusu.

"Mheshimiwa," alisema, "huyu ni shemeji yangu, namfahamu. Leo ana mafua. Hiyo ni nzuri."

Makofi yaliyopigwa hayana mfano. Mlezi alicheka mpaka akashika ubavu, akasema uhuru wa maoni umeonekana na majibu yake yameonekana. Mabalozi wakaandika. Hakimu Chalula naye akatoa kalamu, maana pipa lilikuwa jipya. Bi Nyanzala alipitishwa tena mbele ya jopo, shada juu ya pingu, na alipofika kwangu aliniinamia.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Ungeniomba kitu kingine chochote."

Nilitaka kumwambia kwamba mpaka hapo nilipo sijapata kuonja kama ile, lakini askari walikuwa na haraka. Nikakaa. Nikaimalizia ile nusu polepole, tone kwa tone, na macho yakaanza kunitoka machozi. Brigedia akatoa leso yake, akanikabidhi, akasema mafua ya msimu huu ni mabaya sana.